Nani alifika Ayalandi kwanza? Jibu kuhusu Cessair, Partholón na waliowafuata

Swali la msomaji: "Nimekutana na orodha ya watu wanaosemekana kufika Ayalandi kabla ya Waayalandi wa leo: Cessair, Partholón, Nemed, Fir Bolg, Tuatha Dé Danann, na mwisho wana wa Míl. Je, hawa walikuwa watu kweli, walikuwa miungu, au ni hadithi zilizotungwa na watawa? Na kati yao wote, nani hasa alikuwa wa kwanza?"

Ndugu msomaji, ugumu wa swali lako ni kwamba kila jibu ulilolitaja linawafaa baadhi ya watu wa orodha hiyo na haliwafai wengine. Wamo waliokuwa miungu kabla ya kufanywa wahamiaji. Wamo waliozaliwa ndani ya vitabu vya Kilatini na hawakuwahi kuishi mahali pengine popote. Limo hata kundi moja ambalo huenda jina lake lilikuwa jina la kabila la kweli. Orodha imewapanga wote safu moja kana kwamba ni watu wa aina moja, kwa hiyo anayetaka kuwaelewa hana budi kuwatenganisha upya, na njia ninayoiamini zaidi ya kufanya hivyo ni kuyauliza majina yao yametoka wapi.

Kwanza tujue orodha yenyewe imetoka wapi. Inatokana na kazi iitwayo Lebor Gabála Érenn, yaani Kitabu cha Kutwaliwa kwa Ayalandi, ambayo wanazuoni wa Kikristo waliikusanya katika karne ya 11 kwa lugha ya Kiayalandi, nathari na mashairi yakifuatana. Baadhi ya washairi wake tunawafahamu: Eochaid ua Flainn, aliyefariki mwaka 1004, na Flann Mainistrech, aliyekuwa mwalimu katika monasteri ya Monasterboice na kufariki mwaka 1056. Nakala kongwe tuliyo nayo imo katika Kitabu cha Leinster cha karne ya 12. Baada ya hapo kila mnakili aliongeza, alipunguza na kusahihisha alivyoona inafaa, hata R. A. S. Macalister alipoyachapisha matoleo mbalimbali kati ya mwaka 1938 na 1956 alihitaji juzuu tano. Kwa sababu hiyo, ukisoma mahali kwamba Nemed alikuja na merikebu kadhaa na mahali pengine ukakuta idadi tofauti, usidhani mwandishi mmoja amekosea; hitilafu hizo zimo ndani ya hati zenyewe.

Wanazuoni hao walikuwa na haja ambayo mimi naiona kuwa ya heshima kabisa. Ukristo ulipoingia Ayalandi katika karne ya 5 ulikuja na historia ya ulimwengu iliyokwisha kuandikwa: Adamu, Nuhu, gharika, mnara wa Babeli, Ibrahimu, Firauni, Wayunani, Warumi. Mataifa yote makubwa yalikuwa na nafasi yake humo, na Ayalandi haikutajwa. Watu waliokuwa na nasaba ndefu, mashujaa wengi na kumbukumbu ya kila kilima wakajikuta hawamo katika daftari la dunia. Walichofanya ni kulifungua daftari hilo na kujiandika ndani yake kwa kutumia vitu viwili walivyokuwa navyo: simulizi za kwao na vitabu vya Kilatini.

Ndiyo maana mtu wa kwanza katika orodha ni mjukuu wa Nuhu. Cessair ni binti wa Bith, na Bith anatajwa kuwa mwana wa Nuhu asiyejulikana katika Biblia. Baba huyo aliponyimwa nafasi ndani ya safina, Cessair alishauri waelekee ukingo wa magharibi wa dunia, mahali ambapo hapajawahi kukaliwa na mtu, na kwa hiyo hapana dhambi ambayo gharika ingekuja kuiadhibu. Walifika siku 40 kabla ya gharika, wanawake 50 na wanaume watatu tu, kwa sababu vyombo vingine vilizama. Wanaume hao waliwagawana wanawake. Ladra, nahodha, akafa kwanza. Bith akafuata, na mlima wa Sliab Betha, uliopo kati ya Monaghan, Tyrone na Fermanagh, unasemekana kuitwa kwa jina lake. Cessair naye akafa kwa huzuni, na maji yakawafikia waliosalia. Aliyeokoka ni mmoja, Fintan mac Bóchra, aliyeishi maelfu ya miaka katika maumbo ya samaki aina ya samoni, tai na mwewe, kisha akarudi kuwa mtu ili asimulie.

Fintan huyo hakuwekwa hapo kwa ajili ya ajabu tu. Mwandishi makini lazima ajiulize: kama wote walikufa, habari hizi zilitufikiaje? Wenzetu wanaosoma hadithi za Mtume wangesema simulizi haina sanadi, yaani mlolongo wa wasimulizi wanaoithibitisha. Fintan ndiye sanadi ya Cessair, kama Túan mac Cairill, anayesemekana kunusurika peke yake kati ya watu wa Partholón, alivyo sanadi ya Partholón. Hata hivyo wasomaji wa zamani hawakuwa wepesi wa kuamini. Seathrún Céitinn, padri aliyeandika historia kubwa ya Ayalandi katika miaka ya 1630, alisema wazi kwamba habari za kabla ya gharika anazileta kwa sababu amezikuta katika vitabu vya kale, si kwa sababu anazithibitisha, na kwamba haoni namna ambavyo waandishi wa historia wangezipata, labda ziwe zililetwa na majini wa angani au zilikutwa zimechongwa kwenye mawe.

Partholón anafika miaka takriban 300 baada ya gharika, na hapa jina linatufungulia mlango mpana. Kiayalandi cha kale hakikuwa na sauti "p" katika maneno yake ya asili. Maneno ya kigeni yaliyoingia mapema yalibadilishwa, na ndiyo maana neno la Kilatini la Pasaka, pascha, likawa cásc. Kwa hiyo shujaa anayeitwa Partholón hawezi kuwa kumbukumbu ya kale ya wenyeji. Jina hilo ni Bartholomaeus, Bartolomayo, na wafasiri wa majina wa zama zile walilieleza kuwa maana yake ni "mwana wa yule anayeyazuia maji". Ukitafuta jina la mtu anayefika katika nchi iliyotoka kufunikwa na gharika, hutapata linalofaa zaidi ya hilo. Naye tayari yumo, kwa umbo la Partholomus, katika kitabu cha Kilatini kiitwacho Historia Brittonum, kilichoandikwa huko Wales karibu na mwaka 829.

Lakini jina la kitabuni halikuifanya simulizi yake kuwa kavu, na hapa naomba ukae nami kidogo. Partholón alipofika aliikuta nchi ikiwa na uwanda mmoja tu usio na miti, Sen Mag nElta, upande ilipo Dublin leo, pamoja na maziwa matatu na mito tisa. Katika wakati wake misitu ilifyekwa hadi zikapatikana nyanda nyingine nne, na maziwa saba yakabubujika kutoka ardhini. Kwake kulipikwa pombe ya kwanza, kukajengwa nyumba ya kwanza ya kupokea wageni, na kukatokea pia wivu wa kwanza. Siku moja alitoka, akamwacha mkewe Delgnat pamoja na mtumishi aitwaye Topa. Mke alimtongoza mtumishi, kisha wote wawili wakashikwa na kiu, wakanywa pombe ya bwana kwa mrija wake wa dhahabu. Partholón aliporudi na kuomba kinywaji, alipotia mrija mdomoni alionja ladha ya vinywa vyao. Akapandwa na ghadhabu, akamuua kijibwa cha mkewe.

Delgnat hakuomba msamaha. Alimuuliza mumewe kama inawezekana kuweka asali mbele ya mwanamke, maziwa mabichi mbele ya mtoto, chakula mbele ya mkarimu, nyama mbele ya paka na zana mbele ya fundi, kisha isiguswe. Kosa, alisema, ni la aliyeacha vitu hivyo pamoja. Kitabu kinaongeza kwamba hiyo ndiyo hukumu ya kwanza kutolewa Ayalandi. Sheria za kale za Ayalandi zilikuwa hazina kubwa ya maarifa, zikishughulika kwa kina na wajibu wa kila upande katika ndoa, na mtu aliyeandika tukio hili alikuwa akitafuta chanzo cha mahakama za kwao. Ndiyo kazi ya Partholón katika kitabu kizima: kila jambo ambalo jamii inalifanya leo, kwake lilifanyika kwa mara ya kwanza.

Mwisho wake ni tauni. Katika mwezi wa Mei, kati ya Jumatatu moja na Jumatatu iliyofuata, walikufa wanaume 5,000 na wanawake 4,000. Mji wa Tallaght, kusini-magharibi mwa Dublin, huitwa kwa Kiayalandi Tamhlacht, neno linaloungana kutokana na tám, tauni, na lecht, kaburi. Tamlacht nyingine zipo sehemu mbalimbali za kisiwa, jambo linaloonyesha kwamba neno hilo lilikuwa la kawaida kwa makaburi ya aina hiyo. Simulizi ya Partholón iliona jina lililokuwapo ikalipatia maiti. Leo tramu ya njia nyekundu inaishia hapo, na abiria wanashuka katika kituo ambacho jina lake ni kaburi la watu 9,000 ambao hawakuwahi kuishi.

Nemed nitampitia haraka zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari zake ni marudio ya hizo: nyanda zinafyekwa, maziwa yanabubujika, tauni inakuja, naye anazikwa katika kisiwa kikubwa cha bandari ya Cork. Jina lake ni neno halisi la Kiayalandi lenye maana ya kitu kitakatifu au mtu mwenye hadhi ya kisheria. La pekee kwake ni dhuluma ya Fomoire, watu wa baharini ambao kila Samain, mwanzo wa majira ya baridi, walidai theluthi mbili za watoto, nafaka na maziwa ya ng'ombe. Kizazi cha Nemed kilishambulia mnara wa mfalme wao Conand, bahari ikawafunika wapiganaji wa pande zote mbili, wakabaki watu 30 wa merikebu moja. Linganisha na Historia Brittonum: humo watu waliotoka Hispania wanauona mnara wa kioo katikati ya bahari, wanawaita watu walio juu yake bila kujibiwa, wanaushambulia, na wote wanazama isipokuwa merikebu moja. Ni kisa kilekile, lakini kimehamishwa kutoka kundi moja hadi jingine. Nakutajia hili kwa sababu linaonyesha wazi kuliko hoja yoyote kwamba makundi haya yalikuwa vyombo vya kubebea simulizi, na mwandishi aliweza kukihamisha kilichomo kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Fir Bolg ndio wazao wa Nemed waliokimbilia Ugiriki, wakafanywa watumwa wa kubeba udongo kwa mifuko hadi juu ya miamba. Neno bolg lina maana ya mfuko, na kisa kinatokana na neno. Ila wataalamu wengi wanaona kwamba nyuma ya jina hilo kuna kabila la kweli, na wamelihusisha na Belgae waliotajwa na Warumi. Ndugu watano wa Fir Bolg waliigawa nchi sehemu tano, na kumbukumbu hiyo imeganda katika lugha: hadi leo mkoa kwa Kiayalandi huitwa cúige, yaani "moja ya tano", ingawa mikoa imebaki minne. Mfalme wao wa mwisho, Eochaid mac Eirc, anasifiwa sana. Enzi yake ilikuwa na umande bila mvua na haikuwa na mwaka usio na mavuno. Pamoja na sifa hizo, jina Fir Bolg lilikuja kutumika kuwadhalilisha watu. Katika karne ya 17 Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, mwana wa ukoo wa wanahistoria, alinakili kutoka kitabu cha zamani orodha ya tabia: mweupe, jasiri na mkarimu ni wa ukoo wa Míl, ilhali mwenye nywele nyeusi, msengenyaji na mropokaji ni wa Fir Bolg. Visasili vya wahamiaji vina upande huo, na hatuwatendei haki waliodhulumiwa tukiuficha. Nasaba zilizoandikwa humo ziliwaambia wenye ardhi kwa nini ardhi ni yao, na wakulima waliolipa kodi kwa nini wanalipa.

Tuatha Dé Danann hawakuja kwa njia ya kawaida. Toleo moja linasema walishuka ndani ya mawingu meusi juu ya mlima katika Leitrim. Toleo jingine linaeleza kwamba mawingu hayo yalikuwa moshi wa merikebu walizozichoma wenyewe ili wasipate njia ya kurudi. Nadhani unaona mkono wa mtawa akijaribu kulifanya jambo la kimungu liwe la kibinadamu. Kwa kundi hili ushahidi ni imara: hawa walikuwa miungu. Lug ndiye Lugus aliyeabudiwa na Waselti wa bara, ambaye jina lake wengi huliona katika jina la kale la mji wa Lyon, Lugdunum. Nuada, mfalme aliyekatwa mkono vitani akaundiwa mkono wa fedha, jina lake linalingana na la Nodens, mungu aliyekuwa na hekalu huko Lydney, Uingereza, wakati wa Warumi. Watawa hawakuweza kuandika kwamba miungu iliwahi kuitawala nchi yao, wala hawakutaka kuwatupa, kwa hiyo waliwapa nasaba, wakawafanya watu wenye elimu kubwa ya uchawi, kisha waliposhindwa vitani wakawaingiza chini ya vilima. Kimojawapo ni Newgrange, kaburi la mawe lililojengwa karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, ambalo katika simulizi ni makao ya Dagda, mmoja wa miungu hao, na ya mwanawe Óengus.

Tunabaki na wana wa Míl, ambao ndio Waayalandi wenyewe kwa mujibu wa kitabu. Hapa karibu kila jina limetengenezwa. Míl Espáine ni tafsiri ya maneno ya Kilatini "miles Hispaniae", askari wa Hispania, aliyetajwa bila jina katika Historia Brittonum. Scota, binti wa Firauni, ametokana na Scotti, jina ambalo Warumi waliwaitia Waayalandi. Goídel Glas, mwenye kuunda lugha ya Kiayalandi kutoka lugha 72 za Babeli, ametokana na Goídil, jina la watu wenyewe, nalo lilikopwa kutoka lugha ya majirani zao wa Wales. Kwa nini Hispania? Kwa sababu Isidore wa Seville, katika karne ya 7, alilifasiri jina Hibernia kwa kulihusisha na Iberia, na Orosius kabla yake alikuwa amesifu mnara mrefu wa Brigantia unaotazama visiwa vya kaskazini. Mnara huo wa Kirumi ungalipo katika mji wa A Coruña, Hispania. Kitabu kinasema Íth mwana wa Breogán aliiona Ayalandi kutoka juu yake jioni moja ya majira ya baridi. Umbali ni takriban kilomita 900, na hakuna jicho linaloweza kuufikia. Ramani za wakati ule, zilizoiweka Ayalandi ikikabiliana na Hispania, ndizo zilizouona.

Utauliza kama akiolojia haijaokoa chochote. Mfupa wa dubu wenye alama za kisu, uliotolewa katika pango huko Clare mwaka 1903 na kupimwa upya hadi matokeo yakatangazwa mwaka 2016, unaonyesha mtu alikuwapo kisiwani miaka 12,500 hivi iliyopita. Vibanda vya wawindaji vilichimbuliwa Mount Sandel, kando ya mto Bann, na vina umri wa miaka zaidi ya 9,000. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mwanamke mkulima aliyezikwa Ballynahatty miaka kama 5,200 iliyopita alikuwa na asili iliyotoka kwa wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Karibu, ilhali wanaume watatu wa Zama za Shaba kutoka kisiwa cha Rathlin walikuwa na asili ya nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Matokeo hayo yalipotoka, wapo waliofurahi kwamba Scythia, jina la kale la nyika hizo, nchi ambayo kitabu kinawaleta Nemed na mababu wa Míl kutoka huko, imethibitishwa. Nakusihi usiifuate njia hiyo. Scythia iliingia katika kitabu kwa sababu ya mfanano wa sauti kati ya Scythae na Scotti, na mwandishi wa karne ya 11 hakuwa na namna ya kukumbuka uhamiaji uliotokea zaidi ya miaka 3,000 kabla yake. Kwamba kisiwa kilipokea watu mara kadhaa ni kweli. Kwamba kitabu kinajua ni akina nani si kweli.

Nimeacha mwisho swali lako la nani alikuwa wa kwanza, maana kitabu chenyewe kina majibu mawili yanayogongana. Wana wa Míl wanapopanda nchi kavu wanakutana na malkia watatu, kila mmoja juu ya mlima wake: Banba, Fódla na Ériu. Kila mmoja anaomba kisiwa kiitwe kwa jina lake, na mshairi wao Amairgen anawakubalia. La Ériu ndilo lililodumu, na katiba ya mwaka 1937 inalitaja taifa hilo kwa jina Éire. Wote watatu ni majina ya nchi yenyewe. Sasa, waandishi wa Lebor Gabála walikuwa na hati ya zamani zaidi iliyopotea, Cín Dromma Snechta, na wanakiri kwamba humo aliyeishika Ayalandi kabla ya gharika hakuwa Cessair bali Banba. Hawakuifuata, kwa kuwa mjukuu wa Nuhu aliwafaa zaidi, lakini hawakuifuta pia. Katika toleo moja Amairgen anamuuliza Banba asili yake ni ipi. Anajibu kwamba ametokana na Adamu. "Wewe ni wa ukoo wa mwana yupi wa Nuhu?" anauliza tena mshairi. Banba anamwambia kwamba yeye ni mkubwa kuliko Nuhu, na kwamba wakati wa gharika alikuwa juu ya kilele cha mlima, na maji yakakomea hapo.